Hamsini Imenikuta Mlangoni mwa Chuo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na karakana yetu imeanza kunuka plasta mbichi. Plasta haielewani na unyevu. Inachelewa kukauka, nasi tunachelewa kutoka.

Binti yangu ndiye aliyenishawishi niandike shajara. Anasema mwaka wa hamsini haupiti mara mbili, na kwamba kumbukumbu yangu ina tabia ya kunipendelea. Basi naandika kama vile atasoma mtu asiyenijua. Mimi ni fundi wa viungo bandia. Natengeneza miguu na mikono kwa waliopoteza yao. Kazi hii nimeifanya katika nchi hii ya watu tangu binti yangu akiwa anajifunza herufi, na sasa yeye ni msichana wa chuo anayenisahihisha matamshi mbele za wageni.

Leo nimempokea mteja mpya, mwamuzi wa mpira aliyepoteza mguu chini ya goti katika ajali ya pikipiki. Karakana nzima tayari inamwita Refa. Nilipokuwa nazungusha bandeji ya plasta kwenye kigutu chake ili nipate umbo, aliniambia msimu huu hautaisha kabla hajasimama tena katikati ya uwanja. Nikamjibu kwamba mimi sitoi ahadi, natoa miguu.

Jambo moja zaidi, kisha nilale. Mimi na mume wangu tulikubaliana zamani kwamba nikitimiza hamsini tunarudi nyumbani. Siku hiyo ni tarehe 12 mwezi ujao. Lakini mwaka jana niliomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha mji huu, fani hii hii ninayoifanya kwa mikono. Nilimwambia nikiwa nimeshaomba. Akacheka, akauliza kama vijana wote wamekwisha hadi wamchukue bibi. Nami nikacheka. Kila mmoja wetu alidhani swali la kurudi limejijibu lenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Plasta ya jana bado laini kama uji.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu ameshinda nyumbani akipanga masanduku. Tayari mawili yamefungwa kwa kamba na kusukumwa nyuma ya mlango, na kila anayetaka kutoka lazima apite ubavu kama kaa. Binti anasema tunaishi bandarini.

Huyu mwanaume nyumbani alikuwa mwalimu wa jiografia. Hapa vyeti vyake havikutambuliwa, akaingia kwenye ghala la vifurushi, kwa muda tu, alisema. Muda huo umemwotesha mvi. Hajawahi kulalamika, na mimi kwa kutosikia malalamiko nilijifanya sijui kama yapo. Jioni alinionyesha picha za nyumba yetu kule, mafundi wanapaka rangi. Nikasema rangi ni nzuri. Ni nzuri kweli. Ila nilikuwa naitazama kama mtu anavyotazama nyumba ya shemeji.

Jumanne, 11 Machi

Nimekubaliwa.

Nitaandika kwa mpangilio, maana mkono unataka kukimbia. Nilikuwa nasugua ukuta wa ndani wa mguu bandia wa Refa kwa msasa, vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi. Simu ikalia mfukoni. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe, kioo hakikuvitambua, nikalazimika kuvipangusa kwenye aproni mara kadhaa. Nikasoma mstari wa kwanza. Nikausoma tena, safari hii nikitafuta neno "samahani", kwa sababu najua barua za namna hii hupenda kuanza na tabasamu. Neno hilo halikuwepo.

Sikupiga kelele. Niliuangusha msasa, nikavua miwani, nikacheza. Nilicheza peke yangu katikati ya miguu isiyo na watu. Fundi Mkuu, mwanamke asiyepoteza neno, alichungulia kutoka ofisini kwake akaniuliza kama nimepandwa na kitu. Nikampa simu. Alisoma, akainama akaokota msasa wangu niliouangusha, akaniambia yeye alikuwa anajua, ila alikuwa anawasubiri wao wajue. Ndiye aliyeniandikia barua ya mapendekezo. Refa alikuwa amekaa kwenye benchi akinisubiri. Alipuliza filimbi ya kidoleni, akasema goli halali.

Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa. Mume wangu alikuwa anakoroga mboga. Sikuzunguka mbuyu. Nilimwambia wamenichukua, masomo yanaanza mwezi wa tano, miaka miwili. Aliendelea kukoroga. Mwiko ulizunguka chungu, ukazunguka tena. Kisha akasema, "Hongera, mama watoto. Unastahili."

Alisema vizuri, kwa sauti ya upole, kama mtu aliyeshika mkono wa mfiwa.

Binti alitoka chumbani mbio akanikumbatia hadi akalowa na yeye. Tukala. Mume wangu aliuliza maswali yote yanayotakiwa: ni siku ngapi kwa wiki, kama Fundi Mkuu atanipunguzia zamu, kama nitahitaji meza. Swali ambalo hakuliuliza lilikaa nasi mezani kama mgeni wa nne, na hakuna aliyempakulia.

Hata hivyo naandika hapa kwa herufi kubwa ili kesho nisijidanganye: NIMEFURAHI. Sitaomba radhi kwa furaha hii.

Jumatano, 12 Machi

Masanduku bado nyuma ya mlango. Nimepita ubavu.

Jumamosi, 15 Machi

Dada yangu mkubwa amepiga simu kutoka nyumbani. Habari zilimfikia kabla sijazituma, na sikuhitaji kuuliza zimepita wapi. Shemeji yake, yaani mume wangu, humpigia kila Ijumaa. Alinipongeza kwa sentensi moja, akanikaripia kwa saa nzima.

"Mwanamke wa hamsini anasubiri wajukuu," alisema. "Wewe unasubiri mtihani."

Nikamwambia wajukuu hawana tarehe ya mwisho ya kujisajili. Alicheka bila kupenda. Halafu sauti ikashuka, akaniuliza kama nimemtazama mume wangu siku hizi. Nikasema namtazama kila siku. Akasema hakuniuliza kama ninamwona. Nilikasirika, kwa sababu dada akikosea huwa nacheka, akipatia ndipo hunikasirisha.

Jumatano, 19 Machi

Refa amesimama kwa mara ya kwanza juu ya mguu wa majaribio. Alishika vile vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, akapiga hatua, uso ukamkunjamana. Nikamuuliza panauma wapi. Akasema popote. Nikamwambia hakuna mahali panapoitwa popote kwenye ramani ya mwili, anionyeshe. Alikuwa anaogopa nikiurudisha mguu kwenye msasa atachelewa msimu. Tukabishana kidogo. Mwishoni alionyesha kwa kidole, pembeni ya mfupa wa mbele. Nimepasugua na tutajaribu tena wiki ijayo.

Wanaume na kusema panapouma, kazi ipo.

Jumapili, 23 Machi

Leo tumegombana, na sisi si watu wa kugombana. Sisi ni watu wa kunyamaza vizuri.

Mvua ilikuwa inapiga madirisha tangu alfajiri, hakuna pa kwenda. Nilikuwa natandika kitanda nikamuuliza, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi, kama haoni tungeyafungua masanduku, tutumie blanketi zilizomo, baridi imezidi. Alisema hapana. Nikamuuliza mpaka lini. Akakaa kwenye kiti cha dirishani, akaniambia ameshatoa taarifa ya kuacha kazi ghalani. Aliitoa mwezi uliopita, kabla jibu langu halijaja. Na kuna shule kule nyumbani, mwalimu mkuu ni mwanafunzi wake wa zamani, amemwomba akafundishe muhula ujao.

Ulimi wangu ulijaa pilipili. Nilimuuliza ni lini alipanga kuniambia, uwanja wa ndege? Nikamwambia ameamua maisha yangu akiwa anafunga kamba.

"Na wewe ulipoomba chuo," alisema, "uliniambia ukiwa umeshaomba."

Hilo lilinipiga mahali pake, kwa hiyo nikaongeza sauti. Nikamkumbusha kwamba nchi hii ndiyo iliyomsomesha binti yake, ndiyo iliyotujengea nyumba anayoitazama kwenye simu, hivyo asiitukane. Alisema haitukani. Nilidhani amemaliza, nikaanza kuchomekea shuka. Ndipo akasema, bila hasira, macho yakiwa nje:

"Wewe hapa umepata kazi. Mimi hapa nimepata mshahara."

Nimeolewa na mtu huyu nusu ya umri wangu. Sijawahi kumsikia akisema maneno mazito kuliko hayo.

Binti alikuwa sebuleni, kuta zetu ni karatasi. Alikuja akasimama mlangoni, akatuambia yeye haegemei upande, ila anaomba tujue kwamba jirani wa chini sasa amejua yote, na kama tunataka, angemwita apige kura. Hakuna aliyecheka. Baadaye, nikiwa bafuni peke yangu, nilicheka kidogo, kisha nikalia zaidi ya kidogo.

Jumatatu, 24 Machi

"Umeamkaje." "Salama." Hayo ndiyo maneno yote ya leo.

Alhamisi, 27 Machi

Chuo kimenikumbusha nithibitishe nafasi kabla ya wiki ijayo kwisha. Fundi Mkuu ameniuliza mbona nimeupinda wayo wa mguu bandia wa mtu. Nimeunyoosha.

Jumamosi, 29 Machi

Nataka kuandika nilichokiona leo kabla sijakipamba.

Mume wangu aliondoka asubuhi bila koti la mvua. Mchana mbingu zikafunguka. Nilikuwa sina zamu, nikachukua koti na mwavuli nikaenda ghalani. Sijawahi kufika pale zaidi ya getini. Mlinzi alinionyesha banda la nyuma, akasema wako mapumzikoni.

Niliwaona kabla hawajaniona. Wapakiaji kama kumi hivi wamekaa juu ya mbao za kupangia mizigo, wengine wanakula. Mume wangu amesimama. Mkononi alikuwa na ile chaki ya kuwekea alama makasha, na kwenye ubavu wa kasha kubwa alikuwa amechora mlima, mawingu na mishale. Alikuwa anawaeleza kwa nini mvua inatuzamisha sisi huku, na upande wa pili wa milima watu wanatazama mbingu kavu. Lugha ya hapa, ambayo dukani humpa kigugumizi, ilikuwa inamtiririka. Kijana mmoja aliuliza swali, wenzake wakamcheka. Mume wangu hakucheka. Alimrudishia swali lake likiwa dogo zaidi, kisha dogo zaidi, mpaka kijana akalijibu mwenyewe na kuonekana ameshtuka kwamba amelijibu. Ndivyo alivyokuwa akinifanyia mimi tulipokuwa wachumba. Nilikuwa nimesahau kwamba nilimpendea hilo.

Kengele ikalia. Alifuta mikono kwenye suruali, akafuta na mlima kwa kiganja, akainama kwenye mzigo. Mgongo ulishuka, mabega yakaja mbele, na yule mtu niliyekuwa namtazama akaondoka. Akabaki mzee anayebeba kasha.

Sikumwita. Nilimwachia mlinzi koti. Njiani sikufungua mwavuli, si kwa huzuni. Nilisahau kama ninao.

Kila siku nauliza wateja panauma wapi. Nyumbani kwangu sikuuliza.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia aende.

Tulikuwa tunakunja nguo. Alisimama na shati mkononi akaniuliza kama namfukuza. Nikamsimulia ya jana, banda, chaki, mlima, yule kijana. Alitazama chini kama mtu aliyekutwa anaoga. Kisha akasema hataki kwenda eti kwa sababu nimemruhusu.

"Basi nenda kwa sababu unataka," nikamwambia. "Na mimi nitabaki kwa sababu nataka. Tusichekeane kama watu wanaosameheana, hakuna aliyeua."

Akauliza kama nikimaliza nitarudi. Hapo ningeweza kumpa jibu tamu. Nikampa lililopo: nataka kurudi, na nataka kurudi nikiwa fundi anayeweza kufungua karakana yake na kufundisha wengine, nisirudi kuhesabu vigae vya nyumba mpya. Miaka miwili si mchezo, nikasema, tutagombana kwenye simu, tutanuniana, mtandao utakatika katikati ya ugomvi. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. Akasema ugomvi wa simu una faida moja, mtu anaweza kudai hakusikia.

Ni mara ya kwanza tumecheka pamoja tangu mwezi uanze. Binti akagonga ukuta kutoka sebuleni akauliza kama sasa anaweza kumtangazia jirani matokeo.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimethibitisha nafasi. Yeye alikata tiketi saa ile ile, meza ile ile, kila mmoja na simu yake. Tumepeana mikono kama marais.

Jumatano, 9 Aprili

Refa ameupokea mguu wake kamili. Alitembea nje ya vyuma, akageuka, akarudi, akasimama mbele yangu ananitazama kama nimemwibia kitu. Nikamuuliza panauma wapi. Alifikiri kwa makini, akasema leo hapaumi popote. Mechi za watu wazima bado, daktari wake hataki kusikia, ila chama kimempa mechi ya watoto. Nikamwambia watoto ndio wagumu zaidi, hawasikii filimbi.

Jumamosi, 12 Aprili

Hamsini.

Niliamshwa na harufu ya keki iliyoungua. Binti na baba yake walikuwa jikoni wanalaumiana kwa kunong'ona. Ya pili ilitoka salama, tukaipaka krimu nyingi kwa ajili ya usalama zaidi. Masanduku yalifunikwa kitambaa, yakawa meza ya vinywaji. Viti tuliazima kwa jirani wa chini, ambaye alivileta mwenyewe na kukaa kwenye kimojawapo kabla hajaalikwa.

Fundi Mkuu alikuja amevaa gauni. Sikujua kama ana gauni. Refa alipanda ngazi zote kwa mguu wangu, yaani wake, na alipofika alikataa kiti kwa muda mrefu ili kila mtu aone anasimama. Dada yangu alikuwepo kwenye simu iliyoegemezwa kwenye jagi, akitoa maagizo ya namna ya kukata keki.

Kisha mume wangu akagonga glasi. Nilijiandaa kwa maneno matatu. Alizungumza kwa lugha ya hapa kwanza, kwa ajili ya wageni, halafu kwa yetu, na hakukwama hata mara moja.

"Watu husema wamefika hamsini," alisema. "Huyu mke wangu hakufika. Hamsini ndiyo iliyomfuata, ikagonga mlango, ikaambiwa mwenyewe hayupo, ameenda kuomba chuo."

Wakacheka. Akangoja, kama mwalimu anavyongoja darasa litulie. Akasema yeye anatangulia nyumbani, na asije mtu akadhani kuna aliyeshindwa. Alisema zamani alifikiri kurudi ni kumrudisha kila mtu. Sasa anakwenda kurudi yeye kwanza, na mimi nitarudi nikimaliza ninachokwenda kukianza. Akaketi. Nikaushika mkono wake chini ya meza, na hatukutazamana kwa sababu tungeharibu sherehe.

Dada alipenga kamasi kwenye simu kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Akasema shemeji yake hatakula peke yake hata siku moja, yeye yupo, na kwamba mimi nisome kwa bidii, nisiaibishe ukoo kwa kufeli na mvi.

Nimezisikia hongera nyingi leo. Sikukataa hata moja. Wengine wakipongezwa husema "ah, kawaida tu". Si kawaida, nami sikusema hivyo. Nilisema asante, nilifanya kazi.

Jumapili, 20 Aprili

Ameondoka. Binti alilia kwa niaba yetu sote. Mume wangu alinifunga kifungo cha koti, akasema vitabu visinifanye nisahau kula. Nikamwambia na yeye asiwachape watoto wa watu maswali magumu siku ya kwanza. Alipopita ukaguzi aligeuka. Mgongo ulikuwa umenyooka. Nimelala upande wake wa kitanda nione dunia aliyokuwa akiiona; ni ukuta.

Jumatano, 23 Aprili

Mlango unafunguka wote. Bado napita ubavu.

Jumatatu, 5 Mei

Leo mvua haikunyesha. Nimeanza masomo.

Darasa letu ni la watu wachache, wengi wa umri wa binti yangu. Tuliambiwa kila mmoja ajitambulishe na aseme kilichomleta. Walisema mambo mazuri, utafiti, teknolojia, mustakabali. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema nimetengeneza miguu muda mrefu, mingi inatembea vizuri, na nimekuja kujua kwa nini michache iligoma. Mhadhiri aliacha kuandika akaniuliza jinsi ilivyogoma. Tulizungumza hadi kipindi kikaisha, na kijana aliyekaa pembeni yangu akaniomba nimwonyeshe karakana. Nikamwambia aje Jumamosi, avae nguo asizozipenda.

Jioni mume wangu akapiga. Naye leo ndiyo siku yake ya kwanza darasani. Sikupata nafasi ya kusema hata salamu. Alisimulia wanafunzi walivyomcheka kwa kusema neno la zamani, ubao ulivyopasuka, msichana wa mstari wa mbele aliyeuliza swali ambalo yeye mwenyewe itabidi akalitafute. Dada alikuwa anamwita nyuma, chakula kinapoa. Aliniaga kwa haraka, simu ikakatika.

Nikabaki nimeshika simu, natabasamu, nimejaa maneno yangu yote.

Nilikuwa bado sijaiweka chini ilipolia tena. Alikuwa yeye, anahema, ametoka mezani.

"Mke wangu," akasema. "Na wewe je? Anzia mwanzo."

Nikavuta kiti.